Turubai Si Chombo

Kandida Likombo alizamisha mkono wa kulia katika lundo la ulezi, akaufikisha hadi kwenye kiwiko, akafumba macho. Ndani kulikuwa na joto. Halikuwa joto la kuunguza. Lilikuwa kama la mtoto aliyetoka kuamka usingizini, na Kandida alilifahamu tangu akiwa msichana. Alisubiri kidogo, akauchomoa mkono na kuvitazama vidole. Punje zilizomnata zilikuwa zimetoa mikia myeupe, mifupi, yote ya urefu mmoja. Akawaambia wanawake waliosimama nyuma yake kwamba kimea kiko tayari na kianikwe leo hii hii, na kwamba anayetaka kubisha aje aweke mkono wake.

Hakuna aliyebisha. Katika kata nzima ya Lumemo hakuna mwanamke anayebishana na Kandida juu ya kimea. Wapo wanaojua kupika kuliko yeye, na wanaojua kuuza ni wengi mno, lakini kuotesha ulezi mpaka siku ile ambayo utamu umejaa ndani ya punje na uchungu bado haujaingia, hiyo ni kazi yake. Aliirithi kwa mama yake, aliyeshuka kutoka Mahenge na watoto wanne na mitungi sita, na ambaye pombe yake iliwafanya wanaume wazima wasahau njia ya kwao. Mama alikitumia kimea kupikia pombe. Kandida alikitumia kutengenezea togwa, na hakuona kwamba hapo pana ugomvi wowote kati yake na marehemu.

Maturubai mawili ya bluu yakatandazwa uwanjani kwa Kandida. Moja lilikuwa jipya. La pili lilikuwa na kiraka kwenye pembe, kipande cha kiroba cheupe ambacho Kandida mwenyewe alikishona kwa uzi mwekundu mwaka uliopita, baada ya mbuzi wa jirani kujifanya mwanachama wa kikundi. Ulezi ukamwagwa ukiwa bado na unyevu wake, ukatawanywa kwa mikono, na kufikia adhuhuri harufu yake tamu ilikuwa imefika barabarani. Watu waliopita na baiskeli walipunguza mwendo. Kandida aliwaona, akajifanya hajawaona, na moyo wake ukajaa fahari.

Kikundi chao kina wanawake kumi na tisa. Kumi na wawili ni Wakatoliki, watano ni Waislamu, na wawili ni walokole ambao hawapendi kuhesabiwa pamoja na mtu yeyote. Wanapika mchele wa bondeni, wanaukausha, wanausaga, kisha wanauchanganya na unga wa kimea na kuufunga kwenye pakiti. Mnunuzi hana kazi kubwa: anamimina maji ya moto yaliyopoa kidogo, anakoroga, anasubiri saa moja. Uji mzito unalegea wenyewe na kuwa mtamu bila chembe ya sukari. Watu wa mjini wasioamini huonja mara mbili.

Wazo la pakiti lilikuwa la Rabia, katibu wao, mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyesomea lishe Morogoro. Rabia alizaliwa kwenye kambi za mashamba ya miwa. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata miwa, mama yake ni Mluguru, na nyumba ya kushoto walikaa Wahehe, ya kulia Wanyakyusa. Mtu aliyekulia hapo hashtushwi na desturi ya mwenzake. Ndiye aliyempeleka Kandida kwenye maonyesho ya Nanenane, na huko ndiko walikokutana na Seni, Msukuma mrefu, mpole, aliyekuwa akiitafutia kampuni moja ya Maskati bidhaa za Afrika Mashariki. Seni alikunywa vikombe vitatu vya togwa akiwa amesimama.

Kampuni hiyo, aliwaeleza, ina maduka Maskati na Doha, na mwaka huu imefungua mengine Kuala Lumpur. Duniani kuna mamia ya mamilioni ya watu ambao wakishika pakiti huigeuza kwanza, wakatafuta alama ya halali, ndipo wakasoma bei. Hata wasio Waislamu siku hizi huitafuta, kwa kuwa inawahakikishia kwamba kuna mtu amekwenda kutazama. Na katika mwezi wa Ramadhani watu hao wanatafuta kitu chepesi cha kufungulia, kisichojaza gesi na kisicho na sukari. Alitaka tani tatu kwa kuanzia, zipakiwe Dar es Salaam wiki nane kabla ya mfungo. Zikipendwa, itakuwa kila mwaka. Sharti lilikuwa moja tu: ile alama.

Kandida alilipokea sharti hilo vibaya.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiwalisha watu haramu?" alimuuliza Rabia wakiwa wanarudi.

Rabia alicheka, halafu akaona kwamba mama wa watu hatanii. Kwa Kandida, halali lilikuwa neno la nyumbani. Alikuwa na mume wa halali hadi Mungu alipomchukua. Alikuwa na shamba la halali. Alikula jasho lake la halali. Mama yake alijisifu hadi uzeeni kwamba pombe yake ni ya halali kabisa, maana hakuwahi kuizidishia maji. Rabia aliposikia hilo alicheka tena, safari hii mpaka machozi, na Kandida akajikuta anacheka naye ingawa hakuwa amesamehe.

"Mama, watu wale hawakujui," Rabia alisema alipotulia. "Hawawezi kuja Lumemo wakakutazama usoni. Alama ile ndiyo inayowatazamia."

Basi wakajiandaa. Rabia aliwaeleza wenzake kila kitu: nguruwe asikaribie, wala mafuta yake, kileo kisiingie, chombo cha kazi kisiende kupikia kingine. Jenifer, mwanachama mwenye mwandiko mzuri, akapanda kwenye stuli na kuandika ukutani kwa rangi nyekundu: VYOMBO VYA KAZI HAVITOKI NJE. Sufuria zikahesabiwa, miiko, nyungo, ndoo, hadi vikombe vya kupimia. Ufunguo wa stoo akapewa Kandida.

Na Kandida aliulinda. Mwalimu wa shule alipokuja kuazima sufuria kubwa, aliondoka mikono mitupu. Hata paroko alipotuma mtu kuomba ndoo mbili za jubilei, alijibiwa kwa heshima zote kwamba ndoo zina kazi.

Lakini Severini alipokuja kuomba turubai, Kandida alimpa.

Severini ni mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu wa kwaya, mfugaji wa nguruwe ng'ambo ya reli. Mjukuu wake Levina alikuwa anapokea komunio ya kwanza Jumapili ile, siku nne kabla ya ulezi kuanikwa. Alitaka turubai tu, na Kandida alimkunjia lile la kiraka bila kuwaza mara mbili. Wala hakuhisi kwamba amevunja sheria iliyoandikwa ukutani, kwa sababu turubai si chombo. Chombo ni sufuria. Turubai ni mali ya watu: linakwenda msibani na harusini, linaanikiwa mpunga wa huyu leo na wa yule kesho, na huku kwetu kumnyima mtu turubai ni kumtangazia uadui. Likarudi Jumatatu, limefuliwa, limekunjwa vizuri. Alhamisi likatandazwa na ulezi ukamwagwa juu yake.

Jumatano iliyofuata, siku moja kabla ya mkaguzi wa halali kufika, Severini alikuja na baiskeli mchana kumtakia dada yake heri. Kimea kilikuwa kimeshasagwa, viroba tisa, kinasubiri kuchanganywa. Walikaa barazani. Severini akatoa simu kumwonyesha picha za komunio, maana hakuwa amepata nafasi. Levina akiwa na gauni jeupe. Levina na mshumaa. Halafu wanaume wanne wakicheka na visu mikononi, na mbele yao nguruwe amekwisha kupasuliwa, amelazwa juu ya turubai la bluu. Kwenye pembe ya turubai palionekana kiraka cheupe chenye uzi mwekundu.

Kandida aliomba simu aishike mwenyewe.

Severini aliona uso wa dada yake ukibadilika, akasema kwamba waliliosha, tena kwa sabuni ya unga, mara mbili. Kandida akajibu kwamba anajua, lilirudi safi. Akamsifia mtoto na gauni lake, akamrudishia simu, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha akarudi, akafungua stoo, akasimama mbele ya viroba tisa.

Aliogopa, na pamoja na woga alikuwa na hasira. Ulezi ule ulinunuliwa Mahenge kwa akiba yote ya kikundi. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya Udzungwa, na mvua ikishaanza bondeni hakuna tena jua la kuaminika la kuanikia. Kimea kikitupwa, huenda tani tatu zisipatikane kabla ya meli, na Seni atawaendea wengine. Na kwa nini kitupwe? Turubai limefuliwa, jua limelipiga, ulezi wenyewe umekauka na kusagwa. Hakuna pua ya binadamu ambayo ingenusa chochote, wala mashine ambayo ingeona. Nani amjuaye Levina huko Doha? Aliazimia kunyamaza. Alifunga stoo, akauning'iniza ufunguo shingoni karibu na rozari yake, na vitu hivyo viwili vikawa vinagongana kila alipotembea.

Mkaguzi alifika Alhamisi asubuhi kwa basi la Morogoro, mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mwenye kofia ya kitambaa na viatu vilivyopigwa rangi upya. Alimwamkia Kandida kabla ya wengine wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ustadhi. Karibu Lumemo."

Kandida akamletea kikombe cha togwa, kile cha bati chenye maua alichokitunza kwa ajili ya wageni. Mkaguzi akashukuru, akasema kwa leo hatakunywa. Hakusema zaidi. Kandida akakirudisha kikombe ndani, mashavu yakimwaka, akajiambia kwamba sasa amemjua: mtu ambaye hawezi kunywa kutoka kwenye mkono wake ndiye atakayempa cheti cha usafi. Ule uamuzi wa kunyamaza ukapata nguvu mpya.

Ukaguzi ulichukua asubuhi nzima. Alichungulia chini ya meza, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kinu cha umeme, akauliza grisi yake inatoka wapi. Alisoma kila neno la pakiti, akafika mahali palipoandikwa "Lumemo, Ifakara", akapasoma kwa sauti. Kisha likaja swali ambalo kikundi kizima kilikuwa kimeliogopa. Alichota kimea kiganjani, akanusa, akauliza kama hiki si kile kile cha kupikia pombe.

Wanawake walitazamana. Kandida hakumtazama mtu.

"Ndicho hicho hicho," alisema. "Kimea ni kimoja, ustadhi, njia ndizo mbili. Cha pombe unakilaza na hamira mpaka kichachuke. Hiki kinaingia kwenye uji wa moto, kinautia utamu, kazi yake imekwisha. Sisi tunakiuza kikiwa kikavu. Anayekunywa siku hiyo hiyo anakunywa uji. Akiulaza siku tatu, hiyo ni shauri yake, na tumemwandikia kwenye pakiti asifanye hivyo."

Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa namna ya mwanafunzi aliyeelewa. Akauliza namna ya kujua siku ya kimea kuiva, na Kandida akajikuta anamweleza juu ya joto la kiganja, mkia wa punje, na uchungu unaokuja ukichelewa hata nusu siku. Miaka arobaini na zaidi amefanya kazi hii, na hapajawahi kutokea mtu wa kuandika maneno yake. Yule alikuwa anaandika.

Mwishowe walikaa kuzunguka meza. Ilibaki fomu. Mkaguzi alisoma maswali, Rabia akajibu, kwa kuwa ndiye katibu na ndiye angetia saini. Walipofika kwenye vyombo, mkaguzi aliuliza kama vyote, pamoja na vya kuanikia, havijawahi kutumika nje ya kazi hii.

"Havijatoka," Rabia alisema bila kusita. "Ufunguo anao mama Kandida. Hapa mimi najiamini mwenyewe kidogo, yeye namwamini kabisa. Namshuhudia mbele ya Mungu."

Akachukua kalamu.

Kandida aliutazama mkono wa Rabia. Ulikuwa na kovu la moto kwenye kidole gumba, alilolipata siku ya kwanza walipojaribu kukausha mchele kwenye bati. Mpaka dakika ile alikuwa ameona kwamba jambo hili ni kati yake na watu wa mbali, watu wenye alama na masharti, wasiomjua. Sasa aliona kwamba wa kwanza kulishwa uongo angekuwa huyu aliyekaa karibu naye, ambaye alikuwa anamtaja Mungu kwa ajili yake. Na nyuma ya Rabia akawaona na wale wengine, kwa mara ya kwanza, si kama watu wenye maringo. Alimwona mama mmoja huko Maskati, ameshinda na kiu tangu alfajiri, anakoroga unga huu na kuusubiri saa moja, akiamini kwamba Ifakara kuna mtu aliyetazama. Neno la mama yake likamrudia, lile la kutozidisha maji.

"Usisaini, Rabia."

Kalamu ikasimama.

"Turubai lilitoka," Kandida alisema. "Mimi ndiye niliyelitoa. Amepasuliwa nguruwe juu yake, halafu likarudi, tukaanikia ulezi. Nimejua jana."

Ilisikika honi ya treni ya TAZARA ikiikaribia stesheni. Mkaguzi akauliza siku gani, akauliza ulezi ulikuwa mkavu au mbichi ulipomwagwa. Kandida akajibu yote. Ndipo Jenifer, ambaye alikuwa amekwisha kumwambia mwanawe wa Malinyi kwamba togwa yao inakwenda Uarabuni, akasema kwa sauti ya kukaribia kulia:

"Mama, kwani nani alikuuliza?"

"Ameulizwa Rabia," Kandida alisema.

Mkaguzi aliweka kalamu yake chini. Alisema amekagua viwanda vingi, vikubwa kwa vidogo, na jibu la namna hii hajawahi kupewa. Fomu yenyewe haina nafasi ya kuliandika. Kimea kile hakiwezi kupita. Turubai linaweza kutakaswa, lakini sabuni peke yake haitoshi: lioshwe mara saba, na moja kati ya hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Yeye anakwenda Malinyi na Chita kutazama mashine za mpunga, na atapita tena hapa Jumatatu ya juma la pili, siku ya kumi na moja kuanzia leo. Akikuta kimea kingine, atakagua. Asipokikuta, ataandika alichokikuta.

Alipoondoka, Kandida alisubiri aibu ije imfunike. Haikuja. Kilichokuja ni kitu ambacho hakukitarajia: alijiona mrefu. Alitamani mama yake angekuwepo pale uwanjani amwone.

Siku kumi na moja kwa kimea ni chache. Ulezi unalowekwa siku moja, unaota siku tatu, unakauka siku tatu jua likikubali, na kabla ya hayo sharti uwepo. Wanachama walichanga, na aliyekosa alitoa kuku wake auzwe. Jenifer, ambaye hakumsemesha Kandida siku mbili nzima, ndiye aliyekwenda Mahenge na kurudi na magunia juu ya lori la mbao. Kile kimea cha kwanza kikapewa kwaya ya Severini, iliyokunywa togwa ya bure hadi Noeli na kuimba, kwa maneno ya paroko, kwa nguvu zisizo za kawaida.

Severini mwenyewe alikuja na aibu yake, akasema ataliosha turubai kwa mikono yake. Rabia alikataa mara ya kwanza, kisha akakubali kwa sharti la kumsimamia. Udongo ulichimbwa kwenye kichuguu, ukachekechwa kwa chekecheo kama unga wa ubatizo wa mtoto. Severini akapiga magoti juu ya turubai, akasugua, Rabia akamimina maji, na wote wawili wakahesabu kwa sauti. Walipofika mahali fulani Severini akasema hiyo ni ya tano, Rabia akasema ni ya nne. Wakabishana. Hakuna aliyekuwa na hakika, kwa hiyo wakaanza upya kutoka moja. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kumtazama mwalimu wa kwaya akihesabu saba kwa bidii kuliko Mwislamu yeyote wa Lumemo. Kandida alikaa kwenye stuli akiwatazama, na kama ungemuuliza saa ile kama anajivunia kikundi chake, angekwambia usimuulize mambo ya wazi.

Jumamosi, siku ya tisa, kimea kilikuwa kimetandazwa juu ya maturubai yote mawili, kimebakiza jua la siku moja. Mawingu yalikuwa yameteremka hadi katikati ya milima. Saa nne hivi akaja Donati, jirani wa nyumba ya tatu, kichwa wazi. Baba yake mzee Leodegar alikuwa amefariki alfajiri. Alisimama pembeni ya uwanja, akayatazama yale maturubai, na hakuwa na haja ya kusema alichokifuata.

Kandida alimpa pole, akamshika mkono. Rabia alikuwa amesimama mlangoni. Wote watatu walijua kwamba huku hajawahi kuonekana mtu wa kunyima turubai la msiba, na kwamba likinyimwa leo litazungumzwa hata wao wakiwa wamekufa.

"Ningoje, mwanangu," Kandida alisema.

Akaenda nyuma ya nyumba, kwenye jiko lake la makuti. Paa lile lilioza tangu masika yaliyopita, na juu yake alikuwa ametandika turubai kuukuu la kijani, lake mwenyewe, akalifunga kwa kamba za katani. Alipanda kwenye kinu cha mti, akafungua kamba moja baada ya nyingine, akalivuta likaanguka chini. Akalikung'uta masizi, akalikunja, akalileta.

"Limeungua pembe," alimwambia Donati, "lakini halivuji. Nitakuja mchana na kuni."

Donati alilipokea kwa mikono miwili. Siku iliyofuata kimea kilikauka, kikaingizwa ndani saa nane, na saa tisa mvua ikashuka. Ilinyesha juu ya mafiga ya Kandida mpaka majivu yakawa tope.

Mkaguzi alifika Jumatatu, viatu vyake safari hii vimejaa tope la Malinyi. Alikuta viroba tisa vipya, na ukutani, chini ya maandishi ya zamani, Jenifer alikuwa ameongeza kwa rangi ile ile: NA TURUBAI PIA. Aliyasoma, akaficha tabasamu kwenye fomu. Alitaka kuona maji ya kupikia yanachemshwa wapi, wakampeleka nyuma, na hapo akalikuta jiko limeachwa wazi juu, mafiga yameloa, Kandida anahangaika kuwasha kuni mbichi. Akauliza paa limekwenda wapi. Kandida akasema limeazimwa. Rabia ndiye aliyeeleza yaliyobaki, kwa maneno machache, akitazama pembeni.

Walirudi mezani. Mkaguzi alisoma maswali kama mara ya kwanza, Rabia akajibu. Walipofika kwenye vyombo vya kuanikia, hakuuliza. Aliandika mwenyewe, mistari miwili, akageuza ukurasa. Rabia akatia saini. Barua, alisema, itatoka ofisini Dar es Salaam. Kikao cha kupitisha si chake, na hawezi kuwaahidi kitu. Kandida alimwelewa, akainuka ili amwache ajiandae kuwahi basi. Hakumletea kikombe, maana jeraha la Alhamisi ile lilikuwa bado bichi.

"Mama," mkaguzi alimwita. "Siku ile nilikuwa nimefunga. Na leo nimefunga. Jumatatu na Alhamisi ndiyo kawaida yangu, sikutaka kuitangaza." Akatoa chupa ya chai kwenye mfuko wake, tupu, akaisukuma mbele yake juu ya meza. "Kama kuna maji ya moto, naomba unichanganyie ya kufungulia njiani."

Kandida aliitazama chupa ile. Alama bado haikuwepo. Barua ingeweza kuja au isije. Akaichukua, akaenda nayo jikoni, akapuliza moto mpaka ukakubali. Alichota unga kutoka kwenye pakiti ya kwanza ya kimea kipya, akamimina, akakoroga polepole, akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote.

Mchana ule alilitazama jua mara nyingi kuliko ilivyo desturi yake. Aliwaza basi lipo wapi, limevuka Kidatu, limeikaribia Mikumi. Jua lilipogusa vilele vya Udzungwa alijimiminia togwa kwenye kikombe cha bati chenye maua, akakaa nacho barazani. Hakunywa. Rabia, aliyekuwa akifunga stoo, alimwuliza anasubiri nini, na yeye akasema hasubiri kitu. Bondeni mashamba ya mpunga yaligeuka meusi, hewa ikapoa. Kutoka mjini ikasikika adhana ya magharibi. Kandida akainua kikombe.